Vidole Vinne vya Pumzi

Wafanyakazi wapya wa idara ya bustani walipoambiwa kwamba yule mzee wa kwenye banda la vifaa anaitwa Mzee Pumzi, wote walidhani ana pumu. Msichana mmoja wa mapokezi, mwenye roho nzuri, alimletea hata kichupa cha dawa ya kupaka kifuani. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakumwambia kitu. Kichupa kile kilikaa miaka mingi kwenye kabati lake, kati ya kopo la grisi na boksi la nati.

Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Pumzi aliyoitiwa ilikuwa nyingine.

Kazi yake ilikuwa kufunga miti. Ile miti mikubwa ya mjini, iliyopandwa na watu ambao wajukuu zao sasa nao wana mvi, kila mmoja una ugonjwa wake. Mwingine shina lake hugawanyika mapema, vigogo viwili vikapanda pamoja kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja chembamba. Pale kwenye panda, vigogo vinapoachana, gome hujikunjia ndani, na kadiri vigogo vinavyonenepa ndivyo vinavyosukumana. Siku ikija dhoruba, mti unachanika kutoka kwenye panda hadi chini kama kuni. Mzee Pumzi ndiye aliyeitwa kabla ya siku hiyo. Alipanda kwa kamba, akatoboa kila kigogo kwa keekee, akapitisha bolti, kisha akaviunganisha vigogo kwa waya wa chuma uliosukwa, juu kabisa, karibu na mahali yanapoanza matawi madogo. Waya hakuuzungusha kwenye kigogo hata siku moja, maana mti ukinenepa ungejinyonga. Wala hakuukaza.

Mti lazima uyumbe. Kuyumba ndiko kunakoufanya ujenge misuli pale penye udhaifu. Waya upo ili siku ya upepo mkali mti usipitilize, basi. Kwa hiyo waya uliachwa ulegee, uning'inie katikati kiasi cha vidole vinne. Kule kulegea, mkewe alikuita pumzi.

Walikutana kazini. Mke alikuwa mwagiliaji wa vitalu vya miche, na siku moja aliombwa amshikie kamba fundi kwa dakika tano, kwa kuwa mshika kamba alikuwa ameenda kunywa chai. Zile dakika tano zilichukua miaka ishirini na miwili.

Kuna jambo moja kuhusu kazi hii ambalo aliyeko juu hawezi kulifanya, hata awe bingwa namna gani. Hawezi kujua waya umelegea kiasi gani. Uzito wake unavuta kigogo alichojifunga, na waya unamdanganya. Wa kuujua ukweli ni aliye chini. Mkewe alisimama mbali kidogo, akatoa uzi mweusi kwenye mfuko wa aproni, akaunyoosha kati ya mikono yake miwili mbele ya jicho moja, akaulinganisha na bolti mbili za juu. Uzi ukiwa umenyooka, waya ulizama chini yake, na kwa kiasi ulivyozama yeye alijua.

"Fundi! Umeacha pumzi?"

"Nimeacha, mwenzangu. Ngapi hapo?"

"Viwili. Unamnyonga mtoto wa watu. Legeza."

"Sasa je?"

"Sita. Sasa umemfungulia mlango atoroke. Rudisha kidogo. Kidogo nimesema, una haraka ya kwenda wapi? Hapo. Vinne. Shuka ule."

Hakukosea. Baada ya kushuka, fundi alizoea kuazima ule uzi na kuangalia mwenyewe kwa kumtania, na kila mara alikuta vinne. Hata nyumbani kwao, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, neno hilo lilikuwa na kazi nyingi. Mke alipomfunga mumewe kifungo cha shingoni, mume alisema acha pumzi. Binti yao mmoja tu alipokuwa anasukwa nywele akalia, baba alisema kutoka chumba cha pili, "Mwenzangu, umeacha pumzi?" na mtoto akacheka huku machozi yakimtoka.

Mti waliouogopa kuliko yote ulikuwa mkenge wa shule ya msingi, karibu na kituo cha zimamoto. Ulifunika uwanja mzima kwa kivuli chepesi, na chini yake palikuwa na benchi refu ambapo watoto walikula mchana. Ulikuwa na panda mbaya, nyembamba, gome limezama ndani. Kila walipopita, mlinzi wa shule aliwaita kutoka getini, "Mafundi, lini mtaingia mkenge?" Utani huo haukumchosha. Mke alimjibu kila mara, "Tukiingia tutaingia kwa miguu yetu, wewe uliingizwa tangu ulipooa." Mlinzi alicheka mpaka akaushika mlango.

Barua ya kuufunga mkenge ilikuja mwaka ambao moyo wa mke ulikuwa umetanuka. Daktari alimwambia hivyo, kwa upole, na akamkataza kamba, ngazi na ndoo. Ngazi tatu za kuingia nyumbani kwao zilimtoa jasho. Siku ya kazi alikaa kitandani, mito minne mgongoni, akamwangalia mumewe akipanga vifaa kwenye gunia.

"Nani atakushikia?"

"Wamenipa kibarua."

"Anajua uzi?"

"Nitamfundisha."

Alimpa uzi wake. Ulikuwa umezungushiwa kipande cha kijiti cha barafu ya kulamba.

Kibarua alishika kamba vizuri, haki yake tusimnyime. Lakini uzi ule hakuuelewa. Alipoulizwa pumzi iko ngapi, alijibu, "Iko sawa, mzee," kama mtu anavyojibu asiyetaka kumuudhi mkubwa. Na kule juu, fundi aliyefunga miti zaidi ya mia mbili alifanya kitu asichowahi kufanya. Alishika spana akakaza nati. Akakaza tena. Tangu wiki iliyopita mikono yake ilikuwa inataka kukishika kitu kisiondoke, na nati ilikuwa karibu. Akaongeza mzunguko mmoja.

Aliposhuka, hakuhitaji uzi. Waya ulikuwa umenyooka kama rula. Alisimama akautazama. Kupanda tena, kulegeza, kushuka, ni saa nzima. Simu ikalia mfukoni: jirani, akimwambia arudi, mama hali imebadilika. Akakusanya vifaa, akajiambia kesho.

Jioni ile mkewe alikuwa anapumua kwa vipande. Alimpa ishara asogee.

"Fundi. Umeacha pumzi?"

"Nimeacha."

"Ngapi?"

"Vinne."

Akafumba macho, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeshusha mzigo. Siku ya tatu alikufa.

Binti yao, aliyekuwa chuoni mji mwingine, alifika usiku wa pili, mama akiwa hawezi tena kuzungumza. Baada ya mazishi alimuuliza baba kazi ya mwisho ya mama ilikuwa ipi. Na baba, ambaye alikuwa hajalala siku tano, alimpa jibu ambalo lilitoka lenyewe. Alimwambia ni ule mkenge. Kwamba mama aliamka asubuhi ile, akakataa kubaki, akaletwa kwa gari la idara, akakaa kwenye kiti chini ya mti na uzi wake. Kwamba alisema vidole vinne.

Binti aliyashika maneno hayo. Aliyasema siku ya arobaini mbele ya ndugu wote, akiwa amesimama kando ya kaburi, na shangazi zake wakalia. Mwaka uliofuata aliacha chuo, akaja idara ya bustani, akaomba kamba. Baba yake alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alikuta msichana ameshavaa aproni ya mama yake, uzi mweusi mfukoni, akimwambia, "Baba, usinichoshe. Panda."

Akawa mzuri kuliko alivyotarajia mtu. Kwanza akiwa chini, kisha, magoti ya baba yalipoanza kulalamika, akawa yeye wa kupanda na baba wa kushika uzi. Alikuwa na mdomo wa mama yake. "Baba, ukisinzia hapo chini nakuangushia spana." Kila walipopita barabara ya shule aliupungia mkono mkenge, akasema, "Shikamoo Mama." Mzee alitazama upande mwingine, akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kila mwaka mti uliofungwa lazima ukaguliwe. Mkenge aliukagua mwenyewe, peke yake, siku ambazo binti alikuwa na kazi nyingine, na aliukagua kutoka getini. Alimsalimia mlinzi, akainua macho kidogo, akaandika kwenye karatasi: mzima. Miaka tisa. Kila mara alijiambia mwakani nitapanda nikalegeze, na kila mara akaona kwamba kumpeleka mtu pale, hata wa kushika kamba tu, ni kumwonyesha.

Halafu, Jumapili moja mchana, ukapita upepo wa dakika kumi. Jumatatu alfajiri mwalimu mkuu alipiga simu. Alikuwa mwanamke mtulivu asiyependa maneno mengi. "Fundi, mti wetu umelia jana. Mlinzi anasema ulilia kama mlango. Nimewazuia watoto uwanjani."

Binti alipanda. Alichukua nyundo ya mbao, akagonga kigogo cha kushoto hatua kwa hatua, na hata aliye chini alisikia sauti ikibadilika, kutoka nzito ikawa ya debe. Mzee alisimama chini akishika kamba. Uzi ulikuwa mfukoni mwake, hakuutoa.

"Baba! Umepasuka juu ya bolti. Ufa unaingia ngumi yangu. Na kule panda naona mwanga upande wa pili."

"Nimekusikia."

"Na huu waya..." Ikasikika ting, kama mtu aliyegusa gitaa. "Baba, huu waya umekaza. Hauna hata kidole. Hata nusu hauna."

Mzee aliishika kamba kwa mikono yote miwili.

Alimsikia binti akijisogeza, akijisemea. Halafu sauti yake ikaja ikiwa na furaha ya mtu aliyepata jawabu. "Nimeelewa! Mti umenenepa, umeumeza waya. Mama aliacha vinne, miaka tisa mti umevila vyote. Kumbe vinne havitoshi, Baba! Tangu leo tuache vinane. Nikimaliza hapa nirudi kwenye ile ya hospitali na ile ya maktaba, tuilegeze yote."

Lilikuwa jibu zuri. Lilimsafisha mama, lilimsafisha baba, na hakuna mtu duniani angelihoji. Alichotakiwa kufanya Mzee Pumzi ni kusema, ndiyo, huenda. Au hata kutosema kitu.

Lakini alijua vidole vinane ni nini. Waya uliolegea vinane haushiki mti, unausubiri. Mti unakwenda kwa kasi mpaka mwisho wa waya, kisha unakatwa ghafla kama mbwa aliyefika mwisho wa mnyororo. Hospitali kuna kina mama wanaosubiri chini ya mti. Maktaba kuna wazee wa magazeti. Binti yake angezunguka mji mzima akiharibu, mti baada ya mti, kazi ya miaka ishirini na miwili ya mama yake, na angefanya hivyo kwa heshima ya mama yake.

"Usiguse ile mingine," alisema. Akarudia. "Mwanangu, usiguse ile mingine. Vinne vinatosha. Mti haukula kitu."

"Sasa vimeenda wapi?"

"Havikuwepo."

Upepo mdogo ulipita kwenye majani. Mlinzi, aliyekuwa amesogea kusikiliza, aliona uso wa mzee, akarudi getini taratibu.

"Shuka," alisema baba. "Shuka nikwambie."

Alimwambia pale pale, wamesimama kando ya benchi la watoto, binti bado amevaa mkanda wa kupandia. Hakupamba. Kibarua, nati, simu ya jirani, neno vinne alilomwambia mama, kiti ambacho hakikuwepo, gari la idara ambalo halikuja. Mama hakuuona huu mti siku ile. Alikuwa kitandani.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja na kukunjua uzi wa glovu yake.

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Akafa akiamini uongo."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama." Alikaa kwenye benchi, akainuka tena mara moja, kama limemuunguza. "Mimi nilisimama kaburini nikawaambia watu. Nimeacha shule, Baba. Kila siku naupita nasalimia. Kumbe namsalimia nani? Umeniingiza mkenge miaka tisa."

Utani wa mlinzi ule. Neno lile lile. Hakuna aliyecheka.

"Sikujua namna ya kukwambia," alisema mzee.

"Ungefungua mdomo tu."

Mwalimu mkuu alikuja akauliza kama mti unaweza kuokolewa, labda waya wa pili, labda nguzo ya kuuegemeza. Mzee alimtazama binti yake, maana ndiye aliyepanda. Binti alisema hapana, Mwalimu. Panda imekwisha. Tena hiki kigogo kikienda kitaondoka na cha pili, na vyote vitaangukia madarasa. "Ungefungwa vizuri ungewazika wajukuu wa hawa watoto," alisema, na mzee aliyapokea maneno hayo akiwa amesimama wima.

Waliukata siku tatu. Binti juu, baba kwenye kamba ya kushushia, kipande kwa kipande. Hawakuongea ila maneno ya kazi.

"Kamata."

"Nimekamata."

"Shusha. Polepole."

"Nashusha."

Siku ya tatu waya wenyewe ulishushwa, ukiwa bado umeungana na bolti mbili na vipande viwili vya kigogo. Binti aliukata kwa mkasi wa chuma. Ulipokatika uliruka kwa nguvu, ukajikunja chini kwenye vumbi la mbao. Waliutazama wote wawili. Halafu binti akaufunga kwenye gunia la takataka pamoja na glovu zilizochanika. Uwanja ulijaa jua hata watoto waliporudi walisimama kwenye milango ya madarasa, wakiwa hawajui pa kukaa.

Wiki kadhaa zilipita. Binti alikuja kwa baba yake Jumapili kama kawaida, alifua mapazia, alipika, hakukaa kula. Jumatatu alikuwa banda la vifaa kabla yake. Alimwita Baba, alimjibu alipoulizwa. Lakini kila waya uliofungwa, alishuka akachukua uzi mkononi mwa baba yake na kuangalia mwenyewe. Mama yake hakuwahi kuangaliwa hivyo ila kwa utani. Mzee alimpa uzi kila mara.

Kisha barua nyingine ikaja kutoka shule ile ile. Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na mkenge wa pili, mdogo wa ule mkubwa, na sasa watoto walikuwa wamehamia chini yake. Nao ulikuwa na panda. Mwalimu mkuu aliandika kwa ufupi: tunaomba huu usitutoke.

Binti alipanda asubuhi, jua likiwa upande wa mgongo wake. Alitoboa, akapitisha bolti, akafunga waya. Baba alisimama pale ambapo mkewe angesimama, hatua kama kumi na tano kutoka shinani. Majani yalikuwa yameshafagiliwa, anga nyeupe.

Binti alikuwa bado juu alipofanya kitu ambacho hakuwa amefanya tangu siku ile. Aliinamisha kichwa kati ya matawi, akaita, si kwa furaha, lakini kwa sauti ile ya kazi, ya mama yake:

"Baba! Pumzi iko ngapi?"

Alimuuliza. Angeweza kusubiri ashuke aangalie mwenyewe, lakini alimuuliza.

Mzee alitoa uzi. Aliunyoosha kati ya mikono yake mbele ya jicho la kulia. Uzi aliuona, mweusi, umenyooka. Nyuma yake palikuwa na ukungu mweupe, na ndani ya ukungu kitu kama tawi au kivuli cha tawi. Alijaribu jicho la kushoto. Alifuta macho kwa kiwiko, akajaribu tena. Bolti hakuziona. Waya hakuuona kabisa. Alikuwa amejua kwa miezi kwamba siku hii inakuja. Tangu ule mkenge mkubwa, wakati mwingine alikuwa ametaja idadi bila kuulizwa, kwa kubahatisha, na binti akashuka akarekebisha kimya kimya.

Aliijua kazi ya mwanawe. Aliujua mkono wake. Karibu hakika vilikuwa vinne. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, jepesi, na lingekuwa kweli. Na pengine binti angemrudia, pengine siku hii asingeshuka kuangalia.

"Baba?"

Aliushusha uzi.

"Sioni, mwanangu," alisema. "Macho yamekwisha. Sioni waya. Shuka uangalie mwenyewe."

Kisha akaisikia kamba ikianza kukimbia kwenye pete, binti akishuka, na yeye akaanza kuuzungusha uzi kwenye kijiti chake, taratibu, ili binti aupate umekunjwa vizuri atakapounyooshea mkono.